Mwenye Kutengeneza Virusi vya Kompyuta: Tumtazame Vipi, na Tumwadhibu Vipi?

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na Aali zake na Sahaba zake wote. Ama baada ya haya:

Vijana wetu wa Pwani walioko Njoro, katika kaunti ya Nakuru, wanaosoma katika Chuo Kikuu cha Egerton, wametuletea swali walilobishana juu yake katika darsa yao hata wakashindwa kuafikiana. Swali lenyewe ni hili: Mtu akitengeneza kirusi cha kompyuta, kikaharibu mali na kazi za watu, yafaa jamii imtazame kwa jicho gani, na adhabu yake ni ipi?

Wametueleza kuwa waligawanyika makundi matatu. Kundi la kwanza lilisema kuwa mtu huyo ni hodari, mwenye akili aliyoruzukiwa na Mola wake, na kwamba lawama ni ya wenye kompyuta wasiojua kuzilinda. Kundi la pili lilisema kuwa ni mfisadi katika nchi, na haki yake ni kukatwa mkono au zaidi ya hapo. Kundi la tatu lilisema kuwa jambo hili lategemea nani aliyepigwa: akiwa ni adui wa Waislamu, basi aliyempiga ana thawabu.

Nasi twaona swali hili ni kubwa kuliko linavyodhaniwa. Leo mali ya mtu wa Mombasa, Malindi au Lamu haimo sandukuni mwake tu. Imo katika simu yake, imo katika daftari za benki zilizoandikwa ndani ya mitambo, na hata cheti chake cha kuzaliwa na paspoti aliyoiombea safari ya Hija vimo humo. Mwenye kuichafua mitambo hiyo amegusa riziki na amani ya watu asiowajua, wala hatawaona mpaka Siku ya Kiyama.

Jawabu letu kwa ufupi ni kuwa makundi yote matatu yamekosea, kwa sababu yamechanganya mambo mawili ambayo mafakihi wameyatenga tangu zamani. La kwanza ni dhamana, yaani wajibu wa mtu kulipa alichokiharibu. La pili ni adhabu. Dhamana ni haki ya aliyedhurika, nayo haiulizi nia. Adhabu ni ya kurudi mkosa na kuilinda jamii, nayo hupimwa kwa nia na kwa ukubwa wa madhara. Mwenye kulishika hili ataiona njia, na mwenye kuliacha ama atamsamehe mkosa kwa mali isiyokuwa yake, ama atamdhulumu kwa ghadhabu.

KIRUSI NI KITU GANI

Kompyuta haina akili. Hufanya kila inaloamrishwa kwa maandishi yaitwayo programu. Kirusi ni programu kama nyengine, iliyoandikwa na mwanadamu kwa mkono wake, ila hii imeamrishwa ijifiche, ijinakili yenyewe, na ihamie kompyuta nyengine bila ya idhini ya mwenyewe. Viko virusi vinavyofuta kazi ya mtu. Viko vinavyopeleleza maneno ya siri ya benki. Na viko vinavyofunga maandishi yote ya mtu kama kufuli, kisha mwenye kirusi akadai kikomboleo ndipo afungue. Yuko pia mkosa mwengine aliye jirani yao: asiyeingiza kitu ndani, bali hutuma maombi ya uongo kwa maelfu kwa maelfu mpaka mtambo ukashindwa kuwajibu watu wa kweli. Mfano wake ni mtu aliyeajiri watu elfu wajazane mlangoni mwa duka bila ya kununua, hata mnunuzi asipate pa kupita. Wote hawa twawazungumza pamoja, maana madhara yao ni mamoja.

Katika virusi vya mwanzo vilivyoenea duniani ni kile kilichoitwa Brain, cha mwaka wa 1986. Walikitengeneza ndugu wawili wa mji wa Lahore, Pakistani, waliokuwa na duka la kompyuta. Walikuwa wameandika programu ya mambo ya utabibu, na watu wakawa wakiinakili bila ya kulipa. Ndugu hao wakaandika ndani ya kirusi chao jina la duka, anwani na nambari za simu. Walisema hawakukusudia kuharibu. Lakini kirusi kilipanda katika visahani vya kompyuta kikavuka bahari hata Marekani, na simu zikaanza kulia Lahore kutoka kwa watu wasiowajua.

Miaka miwili baadaye, tarehe 2 Novemba 1988, mwanafunzi wa Kimarekani, Robert Morris, aliachilia programu iliyokuwa ikisafiri yenyewe katika mtandao wa kompyuta. Hakutaka kuangusha kitu. Lakini alikosea hesabu ya namna itakavyojinakili, ikajinakili kupita kiasi, na kompyuta zilizokadiriwa kufika 6,000 zikalemewa.

Visa hivi viwili vyatufundisha jambo moja: kirusi kikishatoka mkononi hakimsikilizi tena aliyekifanya. Kwa hivyo neno la "sikukusudia" halitoshi kumfutia mtu deni lake.

DHAMANA: ALIYEHARIBU NA ALIPE

Mwenyezi Mungu, katika Sura ya Al-Anbiyaa, aya ya 78 na ya 79, ametutajia hukumu ya Nabii Daudi na Nabii Suleimani, alayhimas salaam, juu ya shamba lililoingiliwa usiku na kondoo wa watu. Wafasiri wametueleza kuwa Nabii Daudi alihukumu kondoo wapewe mwenye shamba badala ya mazao yaliyoliwa. Nabii Suleimani akaona njia nyengine: mwenye shamba awachukue kondoo, anufaike kwa maziwa na sufi zao, na mwenye kondoo alishike shamba, alilime na kulitunza mpaka lirudi kama lilivyokuwa, kisha kila mmoja arejeshewe chake. Na Qur'ani yatufahamisha kuwa Suleimani ndiye aliyefunuliwa ufahamu wa kesi hiyo, na kwamba wote wawili walipewa hukumu na elimu.

Tazama, ewe msomaji, mambo mawili katika kisa hiki. La kwanza, haikuulizwa kama mchungaji alikusudia. Shamba limeliwa, basi mwenye shamba ana haki. La pili, hukumu iliyosifiwa haikumwangamiza mkosa. Ilimtia kazini atengeneze kile kile kilichoharibika. Vijana wa Njoro wanaishi katika nchi ya mashamba ya ngano na mifugo, na hapana shaka kuwa wanalifahamu hili kwa macho yao kuliko sisi tuliozaliwa kando ya bahari.

Kadhalika imepokewa na Imamu Malik na Abu Daud kuwa ngamia wa al-Baraa bin Azib (R.A.) aliingia bustani ya watu akaiharibu. Mtume (S.A.W.) akakata kuwa wenye mabustani ni juu yao kuyalinda mchana, na wenye wanyama ni juu yao kuwazuia usiku, na kilichoharibiwa usiku ni dhamana ya wenye wanyama.

Na katika Minhaj ya Imamu Nawawi, kitabu kinachosomeshwa katika darsa zetu za Pwani, imeelezwa hukumu ya mtu aliyechimba kisima. Akichimba kwa udhalimu, kama katika ardhi ya mwengine bila ya idhini, akatumbukia mtu humo, aliyechimba atadhamini, ijapokuwa hakumsukuma mtu wala hakuwapo. Akichimba katika milki yake, hana juu yake kitu. Na akichimba njiani kwa maslaha ya watu wote kwa idhini ya mwenye mamlaka, wala hakuna madhara, hadhamini. Mwenye kutengeneza kirusi na kukiachilia ni mchimba kisima katika njia ya watu, usiku, bila ya idhini na bila ya alama. Basi kila anayetumbukia yumo katika hesabu yake.

Hapa twalijibu kundi la kwanza. Ni kweli kuwa mwenye bustani ana wajibu wa kulinda, na mwenye duka, mwenye hospitali na mwenye benki wakiacha mitambo bila ya ulinzi wana lawama yao, khasa wakiwa wamewekewa amana ya watu. Lakini mlango ulioachwa wazi haukuhalalisha mali iliyomo ndani. Mafakihi wamesema kuwa mali isiyowekwa katika hirizi, yaani mahali pa kuhifadhiwa, mwenye kuiiba hakatwi mkono. Hawakusema kuwa hana dhambi, wala hawakusema kuwa halipi. Na ama akili aliyopewa mtu huyo, ni neema atakayoulizwa. Fundi wa kufuli anayefungua nyumba za watu usiku hatumwiti mwanachuoni.

ADHABU: KWA MIZANI

Sasa twalijia kundi la pili. Hadi ya wizi ina masharti yanayojulikana, nayo ni kuchukua mali iliyofikia kiasi maalumu kutoka katika hirizi, na mengineyo. Kirusi kinachoharibu hakikuchukua kitu. Hilo huitwa uharibifu, nalo lina dhamana na taaziri, halina hadi. Na aya ya 33 ya Sura ya Al-Maida, inayotaja adhabu ya wapigao vita na kueneza ufisadi katika nchi, wanachuoni wa madhehebu yetu wameieleza juu ya wakata njia wanaowaendea watu kwa nguvu na kwa dhahiri. Tena aya inayoifuata yawatoa wale waliotubu kabla ya kukamatwa. Hadi si jambo la kutamkwa barazani na kila mwenye hasira, bali ni la mahakama yenye mamlaka, baada ya ushahidi. Na hata mahakama zetu za Kadhi hapa Kenya, kwa Katiba ya mwaka 2010, kazi yao ni ndoa, talaka, mirathi na mambo ya nafsi ya Waislamu. Kesi ya virusi haifiki kwao. Hupelekwa katika mahakama za Serikali.

Kilichobaki ni taaziri, yaani adhabu ambayo hakimu huikadiria kwa kosa lisilokuwa na kiwango maalumu. Nasi twaona wakosa wa namna hii wana daraja tatu.

Daraja ya kwanza ni mwanafunzi mwenye kujaribu, aliyevuka mpaka kwa ujinga au kwa kiburi cha elimu. Robert Morris, tuliyemtaja, alihukumiwa mwaka wa 1990 kifungo cha nje chini ya uangalizi miaka 3, kuwafanyia watu kazi bila ya malipo saa 400, na faini ya dola 10,050. Hakutiwa jela. Baadaye akawa mwalimu katika chuo mashuhuri cha MIT. Twaona hukumu ile ilikuwa na busara, maana ilimrudi bila ya kumvunja, ijapokuwa tungependa zile saa 400 ziwe katika kutengeneza kile kile alichokiharibu, kwa mfano wa hukumu ya Nabii Suleimani.

Daraja ya pili ni mwenye kujua kuwa atadhuru, akaendelea. Mwezi wa Mei 2000 kilitoka Ufilipino kirusi kilichojificha ndani ya barua ya mapenzi, kikaenea dunia nzima kwa siku chache na kufuta mafaili ya watu wengi. Aliyekifanya, Onel de Guzman, alikuwa mwanafunzi. Mashitaka yake yaliachwa, kwa sababu Ufilipino haikuwa na sheria juu ya jambo hilo; sheria ikatungwa mwezi wa Juni mwaka ule ule, wala haikuweza kurudi nyuma kumshika. Wako waliokasirika kwa hilo. Nasi twasema kuwa kutomwadhibu mtu kabla ya kumwonya ni uadilifu, na asili yake imo katika Sura ya Al-Israa, aya ya 15, ambapo Mwenyezi Mungu ametubainishia kuwa hawaadhibu watu ila baada ya kuwapelekea Mtume. Lakini dhamana haikuwa ikingojea sheria mpya. Aliyeharibu mali ya mtu alikuwa na deni tangu siku ile, na waliopotelewa hawakulipwa. Hapa ndipo dunia ilipokosea: ilipoona hapana adhabu, ikasahau kuwa pana deni.

Daraja ya tatu, nayo ndiyo mbaya kuliko zote, ni mwenye kufanya virusi kuwa biashara. Huyu hujua, hukusudia, na hula. Mwezi wa Aprili 2023 kampuni ya maduka ya Naivas, iliyoanzia Rongai, katika kaunti hiyo hiyo ya Nakuru, mwaka wa 1990, ilitangaza kuwa imeshambuliwa na virusi vya kudai kikomboleo na kwamba khabari zake nyengine zimeibwa. Na mwezi wa Mei 2017 kirusi cha namna hiyo kiitwacho WannaCry kiliingia katika kompyuta zaidi ya 200,000, katika nchi zipatazo 150. Katika hospitali za Uingereza ilikadiriwa kuwa miadi 19,000 ya wagonjwa ilivunjwa. Mwenye kufunga daftari ya hospitali amefunga dawa isimfikie mgonjwa. Mtu huyu hastahili huruma ya mwanafunzi. Yafaa azuiliwe kwa kifungo kirefu, anyang'anywe alichokichuma, na alipe.

Sheria ya Kenya ya mwaka 2018 juu ya matumizi mabaya ya kompyuta imezichukua daraja hizi kwa kiasi. Mwenye kuvuruga mtambo wa mtu kwa kusudi na bila ya idhini aweza kutozwa faini isiyozidi shilingi milioni 10 au kifungo kisichozidi miaka 5, au vyote viwili. Akisababisha khasara kubwa, au kifo, au kuhatarisha afya ya watu, hufika shilingi milioni 20 na miaka 10. Na mwenye kutengeneza au kuuza programu iliyokusudiwa khasa kutenda makosa hayo, naye kiwango chake ni milioni 20 na miaka 10. Sheria hiyo pia yairuhusu mahakama kuamuru aliyedhurika alipwe fidia. Hili la mwisho twalisisitiza. Faini huingia katika hazina ya Serikali. Mama mwenye duka aliyepotelewa na daftari zake hapati hata senti kwa faini hiyo. Basi aliyedhurika aidai fidia yake wazi wazi, na hakimu asiisahau.

WANAOSINGIZIA DINI

Ama kundi la tatu, maneno yao ndiyo yaliyotuhuzunisha zaidi. Mwezi wa Julai 2023 kundi lililojiita Anonymous Sudan lilidai kuwa ndilo lililoushambulia mtambo wa eCitizen, ambao kwa huo Wakenya huomba paspoti, leseni na huduma nyengine za Serikali zaidi ya 5,000. Lilisema sababu ni kuwa Kenya imeingilia mambo ya Sudan. Serikali ilikiri kuwa mtambo ulishambuliwa. Watu walitaabika katika malipo ya simu, katika kununua umeme, na katika tikiti za gari la moshi. Kundi hilo lilikuwa likijinasibisha na Uislamu katika matangazo yake, na wako vijana wetu waliolishangilia.

Twawauliza walioshangilia: ni nani aliyeumia siku ile? Aliyekaa gizani kwa kukosa umeme, aliyekosa tikiti ya kwenda kumzika jamaa yake, mwenye kibanda aliyeshindwa kulipwa. Wengi wa hao katika miji yetu ni Waislamu, na wasiokuwa Waislamu nao hawakuwa na kosa. Mwenyezi Mungu ametufundisha katika Sura ya Al-An'aam, aya ya 164, kuwa hapana nafsi itakayobeba mzigo wa nafsi nyengine. Na katika Sura ya Al-Maida, aya ya 8, ametukataza chuki yetu kwa watu isitupeleke katika kuacha uadilifu. Aya hii ilikuja kwa ajili ya siku ambayo nafsi yatamani kulipiza, maana siku ya mapenzi uadilifu ni mwepesi.

Mwezi wa Oktoba 2024 Serikali ya Marekani ilitangaza mashitaka juu ya ndugu wawili wa Kisudani kuwa ndio wenye kundi hilo. Katika waliyoshitakiwa ni kuishambulia hospitali moja ya Los Angeles mwezi wa Februari mwaka ule, hata wagonjwa wa dharura wakapelekwa kwengine kwa muda wa saa nane hivi. Hatuwahukumu sisi; mshitakiwa ni mshitakiwa mpaka kosa lithibiti. Lakini kitendo chenyewe, afanyaye awaye yote, hakina nafasi katika jihadi. Mtume (S.A.W.) aliwakataza majeshi yake kuwaua wanawake na watoto, na hali vita vimesimama. Vipi basi iwe halali kumzuilia mgonjwa mlango wa matabibu, na mwenye kuzuia amekaa chumbani mwake akinywa chai?

ELIMU SI KOSA

Wako wazee ambao wakisikia maneno haya watasema: basi watoto wetu wasisome elimu hii kabisa. Nao pia wamekosea. Hapo hapo Njoro, katika kituo cha utafiti wa kilimo cha KALRO, wanachuoni wa ngano wanaendesha kazi ya ajabu. Mwaka wa 1998 uligunduliwa nchini Uganda ugonjwa mkali wa kutu ya shina la ngano, ukaitwa Ug99. Tangu mwaka wa 2005 ngano za nchi nyingi za dunia huletwa Njoro, hupandwa, na kuachwa zishikwe na kutu ile kwa makusudi, ili ijulikane ipi itakayostahimili. Mwenye kuiweka kutu ndani ya kiwanja cha majaribio kwa idhini na kwa ulinzi, awaokoa wakulima. Mwenye kuichukua kutu ile ile akaitupa katika shamba la jirani, ni mharibifu. Kutu ni moja, wenye kuishika ni wawili.

Kadhalika kijana mwenye kusoma namna virusi vinavyofanya kazi, akavijaribu katika kompyuta yake au kwa idhini ya mwenye mtambo ili aujue udhaifu wake, huyo hana kosa. Na twaona kuwa kuwapo kwa watu kama hawa miongoni mwa Waislamu ni fardhi ya kutosheleza. Sheria ya Kenya nayo imewatoa katika kosa wenye kufanya hivyo kwa mafunzo, majaribio na ulinzi. Mpaka ni idhini. Asiyekuwa na idhini asiseme "nilikuwa nikijaribu tu."

MLANGO WA TOBA

Kile kirusi cha WannaCry kilizuiwa na kijana wa Kiingereza, Marcus Hutchins, aliyegundua kuwa kirusi kilikuwa kikiuliza jina fulani katika intaneti. Akalisajili jina hilo, nacho kikasita kuenea. Dunia ikamsifu. Baada ya miezi mitatu alikamatwa Marekani, kwa kuwa zamani, katika ujana wake, alishiriki kutengeneza virusi vya kuiba khabari za benki. Alikiri kosa mwaka wa 2019, na hakimu, akiyatazama mema aliyoyafanya, hakumwongezea kifungo.

Twaona kuwa kumfungulia mtu kama huyu njia ya kurudi ni karibu na mafundisho yetu, kwani toba mlango wake haujafungwa. Lakini toba katika haki za viumbe ina sharti la ziada: kurejesha haki kwa wenyewe au kuwaomba radhi. Imepokewa na Imamu Muslim kuwa Mtume (S.A.W.) aliwaeleza Sahaba mufilisi wa kweli ni nani. Ni yule atakayekuja Siku ya Kiyama na sala, saumu na zaka zake, na huku amemtukana huyu, amekula mali ya yule na kumpiga mwengine. Basi wagawiwe mema yake mpaka yamalizike, kisha atwikwe madhambi yao. Fikiri, ewe kijana: mwizi wa kuku ana mdai mmoja. Mwenye kirusi kilichoingia katika kompyuta laki mbili, ana wadai wangapi? Na imepokewa tena na Muslim kuwa mwenye kuanzisha mwenendo mbaya ana mzigo wake na mzigo wa kila atakayeufuata. Virusi huigwa, hubadilishwa, na kuachiliwa tena baada ya mwenyewe kufa.

YATUPASAYO SISI

Jamii haitazami kwa mdomo tu. Hutazama kwa vitendo. Basi twawausia ndugu zetu mambo haya.

Kwanza, tuache kucheka na kusifu barazani. Mtoto akisikia baba yake akimsifu aliyeangusha mtambo wa Serikali, amepata mwalimu.

Pili, mzazi akimwona mwanawe asiye na kazi amenunua gari, amuulize fedha zimetoka wapi. Kunyamaza na kula ni ushirika. Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao. Mwaka wa 2019 kundi la watu, wengi wao Wakenya, lilikamatwa Rwanda kwa kujaribu kuiibia benki kwa njia ya kompyuta, na mwaka wa 2021 wakahukumiwa miaka 8. Kila mmoja wao ana mama.

Tatu, madrasa na afisi zetu ziache kutumia programu za kunakili kwa wizi. Hizo ndizo gari linalopandwa na virusi vingi, na zenyewe ni mali ya watu. Haifai msahafu usomwe katika kompyuta iliyojaa vitu vya kuiba.

Nne, akijulikana mkosa, tusimfiche wala tusimpige. Apelekwe penye haki, na wazee wasimamie jamaa zake wamlipe aliyedhurika.

Tano, wenye mali wawape vijana hawa kazi ya halali. Mwenye kujua kuvunja kufuli ndiye ajuaye kulitengeneza, na akikosa mlango wa halali, Shetani ana milango mingi.

Hili ndilo jawabu letu kwa vijana wa Njoro. Likiwa sawa, ni kwa taufiki ya Mwenyezi Mungu. Twamwomba awafanye kuwa walinzi wa amana za watu, awape elimu yenye manufaa, na atuepushe sote na kuikutana Siku ile tukiwa na wadai tusiowajua majina.

Wallahu aalam. Wabillahit taufiq.